Kachi: anza na taluka, sio na jina la babu

Kuna swali naulizwa mara kwa mara, kwa simu, harusini, hata msibani: "Marehemu babu yetu alitoka Kachi, sasa nikifika kule naanzia wapi?" Na mimi nauliza kitu kimoja tu, taluka gani? Yaani ni ile sehemu ndogo ya wilaya, yenye ofisi yake na vijiji vyake. Hapo mtu ananyamaza. Basi nimeamua niandike yote kwa pamoja, jinsi ya kuijua wilaya ile ya India ukiwa bado nyumbani kabla hujakata tiketi, manake mimi mwenyewe mara ya kwanza nilienda na vitu viwili tu mfukoni, jina la babu mzaa bibi yangu na jina la kijiji, nikapoteza siku 3 nzima. Kijiji nilichopelekwa jina lilikuwa lilelile lakini watu sio wenyewe.

Kachi ni wilaya ya jimbo la Gujarat, magharibi kabisa mwa India, ukivuka kaskazini tu uko Sindh ya Pakistan. Neno wilaya lisikudanganye. Ina zaidi ya kilomita za mraba 45,000, ndiyo wilaya kubwa kuliko zote India kwa eneo, Rwanda nzima inaingia mle ndani na nafasi inabaki. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 2,092,371, ambayo ni kama watu 46 tu kwa kilomita ya mraba, na vijiji vinapita 900. Kwa hiyo kusema babu alitoka Kachi ni kama mtu akuambie ametoka bara. Bara wapi?

Hakikisha kwanza ni Kachi kweli

Hili watu hulipuuza halafu linawaponza. Sisi huku pwani tumezoea kumwita kila Mhindi wa zamani Mkachi, lakini Maoshwal (jamii ya Wahindi Wajaini) wengi wa Kenya asili yao ni Halar, upande wa Jamnagar, ng'ambo ya ghuba ya Kachi, na hiyo ni wilaya nyingine kabisa yenye ofisi zake. Wengine ni watu wa Porbandar, wengine Surat. Uliza wazee nyumbani walikuwa wanaongea nini wakiwa peke yao. Kama ni Kikachi, lugha inayokaribiana sana na Kisindhi, uko njia nzuri. Kama ni Kigujarati tupu, tulia uulize zaidi.

Jamii nayo inakusaidia kuliko unavyodhani, manake kila jamii ilikuwa na sehemu zake. Mapatel wa Leva, wale waliojenga nusu ya Nairobi kwa mikono yao, wengi wametoka vijiji vya kuzunguka Bhuj, makao makuu ya wilaya, kama Madhapar, Baladia, Sukhpar, Kera na Mankuva. Mabhadala na Makharva ni mabaharia, anza Mandvi, mji wa bandari. Mabhatia wafanyabiashara, Mundra na Mandvi. Kampuni ya Jairam Shivji iliyoshika forodha ya Zanzibar karne ya 19 ilikuwa ya Mabhatia wa Kachi. Tharia Topan, yule Khoja aliyejengesha lile jumba la dispensari pale ufukweni Mji Mkongwe, alitokea Lakhpat. Familia ya Sewa Haji wa Bagamoyo, ambaye wodi ya Muhimbili ina jina lake mpaka leo, nayo asili yake Kachi. Kwa hiyo andika jamii ya babu kwenye daftari lako kabla ya kitu kingine.

Halafu tahajia. Utakuta Cutch kwenye karatasi za Mwingereza, Kutch kwenye ramani nyingi, na Kachchh kwenye karatasi za serikali ya leo. Ni kitu kimoja. Ukitafuta kwenye intaneti tafuta kwa zote 3, usichoke.

Soma ardhi, utajua kijiji kiko wapi

Mimi nawaambia watu wachore ramani kwa mkono, hata mbovu. Chora kobe. Wenyeji wengine wanasema jina la Kachi lenyewe limetokana na kobe, sijui kama ni kweli lakini umbo linasaidia kukumbuka. Kaskazini yote ni Rann Kubwa, jangwa la chumvi, wakati wa mvua linakuwa maji, kiangazi linakauka linakuwa jeupe mpaka macho yanauma. Mashariki ni Rann Ndogo, ndiko waliko punda mwitu, wenyewe wanawaita khur. Kusini ni ghuba na bahari. Watu wanaishi mgongoni, kati ya chumvi na chumvi, na ndiyo maana zamani Kachi ilikuwa kama kisiwa, na watu wake wakaizoea bahari kuliko barabara.

Katikati ya Rann kuna sehemu zilizoinuka zinaitwa bet, maana yake kisiwa. Pachham ndiko kuna Kala Dungar, kilima kirefu kuliko vyote wilayani, mita 460 hivi tu. Khadir ndiko kuna Dholavira, mji wa watu wa zama za Harappa, ule ustaarabu wa kale wa bonde la mto Indus, wenye mahodhi makubwa ya maji yaliyochongwa kwenye mwamba, UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2021. Watu wa miaka elfu nne na ushee iliyopita walishaelewa kwamba pale ukikosa akili ya maji huishi.

Mvua ni kama milimita 400 kwa mwaka, na mwaka mwingine haziji kabisa. Hii ndiyo sababu kubwa watu waliondoka, sio biashara peke yake. Mito yote ni ya msimu. Mandvi iko kwenye mdomo wa mto Rukmavati na ukisimama darajani unaona majahazi ya mbao yakiundwa palepale kando ya mto, mbavu za mbao nje kama samaki aliyeliwa upande mmoja. Mswahili utajisikia nyumbani, manake wanasema bandar, nakhuda, malam, kotia, na wewe unazo bandari, nahodha, malimu, kotia. Walikuwa wanaondoka na kaskazi na kurudi na kusi. Kaniki walizovaa bibi zetu nyingi zilitoka huko.

Eneo lingine la kujua ni Banni, mbuga ya nyasi kaskazini mwa Bhuj, nchi ya wafugaji Maldhari na nyati wao. Nilipelekwa nikaonyeshwa virda. Ni kisima kifupi wanachochimba kwenye kitako cha bwawa lililokauka, wanakizungushia magogo na nyasi kuta zisiporomoke, na kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi yanakaa juu, wanachota taratibu ile tabaka ya juu tu. Ukichota kwa pupa chumvi inapanda. Mzee mmoja alinipa kikombe nikaonja, matamu kabisa, na hatua kumi kutoka pale udongo ni mweupe kwa chumvi. Sasa hivi Banni imeshambuliwa na gando baval, mti wa miiba uliopandwa na idara ya misitu kuzuia chumvi isisogee, watu wa Baringo na Tana River mnaujua vizuri sana, ndio huohuo mathenge. Niliumia kuuona.

Majina ya sehemu yanakwambia mengi ukiyajua maneno machache. Moti ni kubwa, nani ni ndogo, juna ya zamani, nava mpya, dungar kilima, talav bwawa, vandh kitongoji cha wafugaji. Vijiji vingi viko pacha, mfano Moti Khakhar na Nani Khakhar. Mimi kosa langu lilikuwa hapohapo, kwetu wazee walishaacha kusema "nani" wakabaki na jina la mwisho tu, nikapelekwa kwenye kikubwa, tena taluka nyingine.

Historia, ile inayokuhusu kwenye karatasi

Sitakupa historia yote, nakupa ile inayoamua karatasi yako iko wapi. Kachi ilikuwa nchi yenye mfalme wake, Rao, wa ukoo wa Jadeja, tangu Khengarji wa kwanza alipoiunganisha karne ya 16 na kuifanya Bhuj makao makuu. Ilikuwa na sarafu yake, kori. Mwaka 1819 ilifunga mkataba na Waingereza, ikawa chini ya ulinzi wao lakini Rao akabaki, kwa hiyo babu aliyeondoka 1890 au 1920 hakuwa raia wa India ya Mwingereza moja kwa moja, alikuwa mtu wa dola ya Cutch. Ukiona karatasi ya zamani ya Zanzibar au Mombasa imeandikwa mtu wa Cutch State anayelindwa na Uingereza usishangae, ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka huohuo 1819, Juni, tetemeko kubwa liliinua tuta refu la ardhi kule kaskazini magharibi, watu wakaliita Allah Bund, yaani tuta la Mungu, likaharibu njia ya maji ya mto Indus kuja upande wa Lakhpat. Lakhpat ilikuwa bandari tajiri yenye ukuta. Ukienda leo ukuta umesimama wote, ndani nyumba chache na upepo. Kama babu zenu walisema "tumetoka Lakhpat", jua kwamba watu wa pale walitawanyika zamani, na ndugu zako unaweza kuwakuta Mandvi, Mumbai au Karachi.

Baada ya uhuru, Rao, wakati huo akiitwa Maharao, alikabidhi utawala kwa serikali ya India 1 Juni 1948, Kachi ikaendeshwa moja kwa moja kutoka Delhi. 1 Novemba 1956 ikaunganishwa na jimbo la Bombay, na 1 Mei 1960 Bombay ikagawanywa, Kachi ikaangukia Gujarat. Zikariri hizo tarehe. Barua ya 1958 itasema Bombay State, ya 1965 itasema Gujarat, na kijiji hakijahama hata hatua moja.

Kipindi hichohicho Wasindhi waliokimbia mgawanyo wa 1947 walijengewa mji mpya wa Gandhidham, na bandari ya Kandla ikajengwa jirani kwa sababu Karachi ilishabaki Pakistan. Kwa hiyo mtu akikwambia babu yake alizaliwa Gandhidham 1910, kuna kitu hakijakaa sawa, mwulize tena pole pole.

Na 2001. Tarehe 26 Januari, saa 2 na dakika 46 asubuhi, watoto wako kwenye gwaride za siku ya jamhuri, tetemeko la 7.7 likapiga. Watu kati ya 13,800 na 20,000 hivi walikufa, wengi wao Kachi. Bhuj ya ndani ya kuta, Anjar, Bhachau, Rapar, zilibomoka. Nataka ulielewe hili kwa heshima kabla hujaanza kuuliza uliza, kwa sababu unapomwuliza mzee wa Bhuj "nyumba ya fulani iko wapi" unaweza kuwa unamwuliza kuhusu kifusi kilichomfukia mtoto wake. Miji ile ilipimwa upya, barabara zikapanuliwa, vichochoro vingine havipo tena, anwani ya zamani ya faliyu (kitongoji cha mjini) fulani inaweza isiwe na nyumba wala mtaa. Vijiji vilivyokuwa na bhunga, zile nyumba za duara za udongo zenye paa la nyasi kama msonge wetu, nyumba hizo nyingi zilisimama. Juu ya kilima cha Bhujiyo sasa kuna kumbukumbu ya marehemu inaitwa Smritivan. Nenda, hata kama ratiba imebana.

Ofisi gani ya kuingia

Hapa ndipo penyewe. Kwa Mtanzania nafafanua hivi. Collector ndiye kama mkuu wa wilaya, ardhi na usalama na mambo ya serikali kuu viko kwake, anakaa Bhuj. Halafu kuna DDO, huyu ni kama mkurugenzi wa halmashauri, yuko upande wa jilla panchayat, yaani baraza la kuchaguliwa la wilaya. Hizi ni njia mbili tofauti na zinashuka sambamba mpaka chini: kwenye taluka, mamlatdar ni wa upande wa ardhi na TDO ni wa upande wa maendeleo. Kijijini sarpanch ndiye mwenyekiti aliyechaguliwa na talati ndiye mtendaji, ana daftari na muhuri. Kati ya wilaya na taluka kuna ofisi ya prant, lakini wewe mgeni huna haja nayo isipokuwa kuna rufaa.

Talati ndiye mtu wako. Sio Collector. Watu wanaenda Bhuj kwenye jengo kubwa wanapanga foleni, halafu wanaambiwa rudi kwa talati, siku imekwisha. Na talati mmoja mara nyingi anashika vijiji zaidi ya kimoja, kwa hiyo piga simu au mtume mtu aulize siku gani yuko kijiji gani.

Taluka ziko 10, ziandike: Bhuj, Anjar, Gandhidham, Mundra, Mandvi, Abdasa, Nakhatrana, Lakhpat, Bhachau na Rapar. Angalia mitego miwili. Makao ya Abdasa yako Naliya, na makao ya taluka ya Lakhpat yako Dayapar, sio ndani ya ule mji wenye ukuta, nimekuta watu wameenda mpaka ngomeni na faili mkononi. Na Dholavira, ijapokuwa iko mbali kule kisiwani, ni taluka ya Bhachau.

Mijini hakuna talati wa panchayat, kuna nagarpalika, yaani manispaa. Gandhidham yenyewe imepandishwa 2025 ikawa jiji. Polisi nao wamegawanya wilaya mara mbili, Magharibi makao yake Bhuj na Mashariki makao yake Gandhidham, kwa hiyo ukipoteza pasi Anjar usikimbilie Bhuj.

Sasa unaomba nini? Vizazi na vifo kijijini viko kwa talati, ila sheria ya sasa ya usajili ni ya 1969, ya nyuma zaidi yamekaa nusu nusu, usitegemee cheti cha babu wa 1905. Kinachosaidia zaidi ni ardhi. Omba karatasi ya saat-baar, yaani fomu 7/12, inaonyesha kiwanja cha shamba na mwenye nalo. Halafu fomu namba 8A inaonyesha mashamba yote ya mtu mmoja pale kijijini. Na ya muhimu kuliko zote ni fomu namba 6, hak patrak, ndiyo inayoandika kila mabadiliko, nani alikufa, nani walirithi, nani aliuza. Humo ndimo majina ya watoto yanatokea, pamoja na yule "aliyeko Afrika". Rekodi za ardhi unaweza kuzichungulia bure kwenye tovuti ya serikali ya jimbo inaitwa AnyRoR, unachagua wilaya, taluka, kijiji, na umeona sasa kwa nini nasema taluka, bila hiyo tovuti yenyewe haikufungulii mlango. Maandishi ni Kigujarati, namba nazo za Kigujarati, tafuta mtu akusomee.

Tarehe za zamani zimeandikwa kwa Vikram Samvat, kalenda ya Kihindu. Kachi mwaka ulikuwa unaanza Ashadhi Bij, mwezi wa 6 au wa 7, mwanzo wa mvua, wakati bahari imefungwa na mabaharia wako nyumbani. Kuanzia siku hiyo mpaka mwisho wa Desemba toa 57, kuanzia Januari mpaka Ashadhi Bij inayofuata toa 56. Kwa hiyo Samvat 1970 ya mwezi wa 9 ni 1913, ya mwezi wa 2 ni 1914. Ila vitabu vilivyoandikwa kwa mtindo wa Gujarat mwaka unaanza baada ya Diwali, angalia mwezi kabla hujapiga hesabu.

Nje ya serikali kuna Mabarot wa vahi, hawa kazi yao ya kurithi ni kutunza vitabu vya koo, wanakuja wanasoma majina vizazi na vizazi. Sio kila jamii inao. Jamii za Kiislamu, nenda msikitini au kwenye jamati uliza madaftari ya ndoa. Na usipite bila kuangalia mawe ya paliya pembeni ya kijiji, mawe ya kumbukumbu yaliyochongwa mtu juu ya farasi, na kwa mabaharia unaweza kukuta jahazi.

Mambo ya adabu na ya safari

Nenda kati ya Novemba na Februari. Mei usithubutu, joto lake sio mchezo. Kwenda Rann nyeupe upande wa Dhordo unahitaji kibali, kinatolewa njiani Bhirandiyara au unaomba kwenye mtandao, beba pasi, ule ni mpaka na wanajeshi hawana utani. Usirushe droni.

Kijijini usianze na habari ya shamba. Nakuomba sana. Mgeni kutoka Afrika akiuliza kiwanja siku ya kwanza, kila mtu anadhani amekuja kudai, milango inafungwa kimya kimya. Kaa, kunywa chai kwenye kisosi kama wenyewe, onyesha picha za wazee, waite kaka na kaki (Kigujarati hicho, maana yake baba mdogo na mkewe), wazee kabisa waite dada, kwao ni babu, na ba, yaani bibi. Na ujue kabisa, mwenye pasi ya nje hata akiwa na kadi ya OCI, ile ya wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine, hawezi kununua shamba India, kurithi inawezekana, kununua hapana, kwa hiyo mtu akikuuzia shamba kwa maneno matamu ondoka.

Ukiwa Bhuj jioni zunguka ziwa la Hamirsar. Likijaa likafurika mji wote unapewa siku ya mapumziko na watu wanagawiana ladu. Nimesimuliwa na mama mmoja wa pale akiwa analia kwa furaha, anakumbuka mwaka na tarehe za kila furiko la maisha yake.

Mimi safari ya pili nilienda na taluka. Talati alikuwa kijana, alifungua daftari la fomu namba 6, akateremsha kidole mistari mingi sana, akasimama. Akanisomea jina la babu mzaa bibi, na mbele yake neno moja la Kigujarati, akaniuliza kama nalijua. Nikamwambia sijui kusoma. Akasema, limeandikwa Jangbar. Ndivyo wanavyoita Zanzibar.